Yadi ya Chama: mnara wa makaa usio na kazi, karakana iliyokatwa, na mafuta yanayokuja

Swali la msomaji, kwa ufupi: Nimekulia Voi, jirani na reli, na sasa naishi Aurora, Colorado. Nilikwenda Chama, New Mexico, kupanda treni ya mvuke ya Cumbres & Toltec. Kwenye yadi kuna karakana ya matofali yenye vyumba viwili tu, ingawa nimeambiwa zamani ilikuwa kubwa. Kuna mnara mrefu wa mbao wa makaa ya mawe ambao hautumiki, wakati makaa yenyewe yanapakiwa kwa tingatinga. Kuna tangi la maji la mbao lenye midomo miwili. Nikasikia pia kwamba vichwa vya treni vinageuzwa vichome mafuta badala ya makaa. Kwa nini vingine vimebaki na vingine vimeondoka? Na hayo mafuta yatabadilisha nini hasa pale yadini?

Jibu

Ndugu, la kwanza kulijua ni kwamba yadi ya Chama haikuwahi kujengwa upya kwa ajili ya dizeli. Hilo peke yake linaeleza nusu ya ulichokiona. Kwingineko Marekani dizeli ilipoingia, majengo ya mvuke yalipoteza kazi kwa mkupuo. Chukua Spencer, North Carolina, karakana kubwa kuliko zote za mvuke za kampuni ya Southern. Mwaka 1924 ilijengewa jengo la duara lenye vyumba 37 na meza ya kugeuzia injini ya futi 100, yaani kipande cha reli kinachozunguka juu ya shimo la duara. Mwaka 1953 Southern ikamaliza kuondoa mvuke, na mwaka 1960 karakana ikafungwa. Jengo lilikuwa bado imara, lakini kazi iliyolijenga ilikuwa imekwisha.

Chama mambo yalikwenda polepole. Kampuni ya Denver & Rio Grande ilifika pale mwishoni mwa 1880 na reli nyembamba ya futi 3, yaani milimita 914, nyembamba kidogo kuliko reli ya mita uliyokulia nayo Voi. Mizigo ilivutwa kwa mvuke hadi njia ilipofungwa mwaka 1968. Mwaka 1970 majimbo ya Colorado na New Mexico yakanunua maili 64 kati ya Chama na Antonito, na treni za watalii zikaendelea kwa vichwa vilevile vya mvuke. Mahitaji ya injini hayakubadilika: maji, makaa, mchanga, kuondoa majivu, kugeuka, na paa la kutengenezea. Kilichopungua ni idadi ya injini kwa siku. Kwa hiyo kila jengo liangalie kwa swali moja: kazi yake ilipungua, ilihamia kwenye chombo kingine, au ilibaki vilevile?

Kazi ya Chama yenyewe inatokana na mlima. Ukitoka pale kuelekea mashariki unapanda hadi Cumbres, futi 10,015 juu ya usawa wa bahari, kwa mwinuko wa asilimia 4. Ni maili kama 14 tu, lakini unapanda zaidi ya futi 2,100. Injini iliyokuja na treni ndefu ya mizigo kutoka Durango, Colorado, haikuweza kupanda nayo peke yake. Ilibidi iongezewe nyingine, au treni ikatwe na kupandishwa vipandevipande. Ndiyo maana mji mdogo kama ule ulikuwa na yadi ya kuhudumia injini nyingi kwa wakati mmoja, usiku na mchana, na wakati wa theluji zaidi.

Karakana ya matofali ni ya mwaka 1899 na ilikuwa na vyumba tisa. Karibu mwaka 1950 saba vikabomolewa, vikabaki viwili. Treni ya abiria ya njia hiyo ilikoma Januari 1951, na mizigo ilikuwa imeshuka, hivyo injini za kulala pale zilikuwa chache. Jengo la mvuke lisilotumika ni mzigo kwa mwenye reli. Paa lake limejaa matundu ya dohani, theluji inalala juu yake miezi kadhaa, na moshi wa makaa ukichanganyika na unyevu hutoa asidi inayokula misumari, mabati na chokaa katikati ya matofali. Aidha, kampuni za reli Marekani zililipa kodi kwa majengo yaliyosimama, yawe na kazi au yasiwe nayo. Kubakiza vyumba viwili vya kutengenezea na kubomoa vingine vya kulaza injini ulikuwa uamuzi wa hesabu.

Kosa la wengi ni kudhani jengo la nusu duara linaweza kukatwa popote. Haliwezi. Katika karakana ya namna hii vyumba vinashikana, kwa sababu nguzo na kenchi za chumba kimoja hubeba nusu ya paa la jirani. Ukikata katikati, chumba cha mwisho kinabaki na upande mmoja usio na ukuta wa kuzuia msukumo wa paa. Kwa hiyo hukatwa kwenye ukuta wa kuzuia moto, ikiwa upo, au ukuta mpya hujengwa kabla ya kubomoa. Ukirudi, kagua kuta mbili za pembeni. Ukuta uliokuwa wa nje tangu mwanzo una matofali yaliyofungamana vizuri kwenye pembe. Ukuta uliokuwa wa ndani au uliozibwa baadaye huonyesha meno ya matofali yaliyokatwa, chokaa ya rangi nyingine, na mara nyingi weusi wa masizi upande ambao leo unapigwa na mvua.

Unaweza pia kujua kitovu cha meza ya kugeuzia kilikuwa wapi bila ramani yoyote. Pima upana wa chumba mlangoni, upana wake ukuta wa nyuma, na kina chake. Toa upana wa mbele kwenye upana wa nyuma, gawanya kwa kina. Kisha chukua upana wa mbele ugawanye kwa jibu hilo. Tuseme mbele ni mita 4.2, nyuma 7.2, kina mita 20: tofauti ni mita 3, ukigawanya kwa 20 unapata 0.15, na 4.2 ukigawanya kwa 0.15 ni mita 28. Kitovu kilikuwa mita 28 mbele ya mstari wa milango. Namba hizo ni za mfano, lakini njia inafaa kwenye karakana yoyote ya duara, hata ile iliyobaki msingi tu. Pima kutoka katikati ya ukuta hadi katikati ya ukuta, si uwazi wa ndani, la sivyo jibu litakosea kwa mita kadhaa.

Meza yenyewe Chama haipo tena. Injini hugeuzwa kwenye pembetatu ya reli. Pembetatu inakula ardhi na muda, kwa kuwa unapita swichi tatu na kurudi nyuma, lakini haina shimo la kutoa maji, haina beringi ya kitovu ya kupaka grisi, na haijali urefu wa injini. Meza ikishakuwa fupi haina dawa. Injini isiposimama kwa mizani sawa juu ya kitovu, ncha moja hulala kwenye magurudumu ya ukingoni na meza inakuwa nzito kuisukuma. Hatari kubwa ni injini kuingia wakati meza haijafungwa sawasawa na reli. Salida, Colorado, mwaka 1953, injini namba 485 ya aina ya K-36 ilitumbukia kwenye shimo la meza. Miaka miwili baadaye ikakatwa chuma chakavu. Ni moja tu kati ya kumi zilizoundwa na Baldwin mwaka 1925, na ndiyo pekee isiyokuwepo leo. Durango, upande wa pili wa njia hiyohiyo ya zamani, wamebaki na meza yao mpaka sasa. Karakana yao iliungua Februari 10, 1989 ikiwa na injini sita ndani. Injini zote zilitengenezwa, na jengo likajengwa upya pale pale kwa sababu meza na shimo lake vilikuwa bado vinaamua jengo likae wapi.

Sasa mnara wa makaa. Ulijengwa katikati ya miaka ya 1920, wakati uleule K-36 zilipoingia kazini zikila makaa mengi kuliko injini za kabla yao. Behewa la makaa lilisimama juu ya hopa iliyo chini ya reli, makaa yakamwagwa humo, ndoo kubwa ikajazwa na kuvutwa juu kwa winchi ya umeme mpaka kwenye ghala la juu. Kutoka pale fayaman, mchochea moto wa injini, alivuta mfereji wa chuma, lango likafunguka, na makaa yakashuka kwenye tenda, behewa la makaa na maji lililo nyuma ya injini, kwa uzito wake yenyewe. Dakika chache, injini imejaa.

Mashine hiyo ni nzuri ikiwa injini zinapanga foleni. Zikiwa mbili au tatu kwa siku, matatizo yake yanabaki yaleyale na faida inapungua. Shimo la hopa hujaa maji, na Chama maji hayo huganda. Makaa yaliyolowa hugandana kwenye ghala yasishuke, na mtu analazimika kuyachokoa kutoka juu, kazi ambayo imeua watu katika maghala ya kila aina kwa sababu tabaka la chini likiteleza linammeza. Makaa yanapoangushwa, vumbi hubaki katikati na mabonge huviringika kandoni, kwa hiyo tenda ya kwanza inapata vumbi tupu na ya mwisho mabonge tupu; fayaman anaanza mlima na moto asioujua. Vumbi likikaa wiki nyingi bila kuguswa hupata joto lenyewe na linaweza kuwaka. Na salfa iliyomo kwenye makaa, ikilowa, inakula boliti na kuozesha mbao penye maungio, mahali ambapo macho hayafiki.

Ongeza ukaguzi wa winchi, kebo na puli, ukaguzi wa nguzo zinazobeba tani nyingi futi nyingi juu ya vichwa vya watu, na ukweli kwamba makaa siku hizi huja kwa lori, kwani reli ya Chama haiunganiki tena na njia yoyote yenye mabehewa ya makaa. Tingatinga moja na dereva mmoja vinamaliza yote hayo. Ndiyo maana mnara umebaki kama kumbukumbu inayotunzwa, na kazi yake imehamia kwenye ndoo ya tingatinga.

Tingatinga nalo lina mahitaji ambayo wageni hawayaoni. Makaa yakiwekwa juu ya udongo, ndoo huchota changarawe pamoja nayo, na changarawe ndani ya tanuri la moto huyeyuka na kuwa mabonge magumu yanayoziba chanja, wavu wa chuma unaobeba moto. Lundo lazima likae juu ya sakafu ya zege yenye mteremko wa kutoa maji. Makaa yanayomwagika kandoni huziba kokoto za reli, maji hayapiti, mataruma (mbao zinazobeba reli) huoza na reli hulala upande. Ukiona reli imeinama mahali pa kupakia makaa, hiyo ndiyo sababu ya kawaida.

Tangi la maji ni la mwaka 1897. Hapa hakuna kilichopungua isipokuwa mara ngapi kwa siku. Tenda ya K-36 hubeba karibu galoni 5,000, na mlima wa Cumbres unazinywa kwa kasi. Midomo miwili ilikuwa ya kuhudumia njia mbili kwa pamoja: injini ya treni upande mmoja, injini ya kusaidia upande wa pili, ziondoke bila kungojana.

Simama karibu na tangi la namna hii utazame pete za chuma zinazolizunguka. Chini zimebanana, juu zimeachana. Kila futi moja ya kina cha maji inaongeza msukumo wa ratili 0.433 kwa inchi ya mraba, kwa hiyo mbao zinasukumwa nje zaidi upande wa chini kuliko wa juu, na mjenzi alipanga pete kufuata hesabu hiyo. Pete ndizo hufa kwanza. Pete bapa inakaa imelala juu ya mbao nyevu, kutu inakula upande wa ndani usioonekana, na kwa nje rangi bado inang'aa. Fundi mzuri haridhiki na rangi. Anagonga kwa nyundo akisikiliza mlio, na anakagua kishikio kinachokaza ncha mbili za pete. Mbao zenyewe hudumu miaka mingi sana mradi zibaki zimelowa. Tangi likiachwa tupu kiangazi kizima, mbao hukauka na kujikunja, nafasi hufunguka, na likijazwa tena linavuja kila upande kwa siku kadhaa hadi zivimbe. Anayeligusa tangi kama hilo kwa ukarabati abadilishe mbao chache kwa zamu, na asilikaushe bila sababu ya lazima. Kupaka lami au kuweka karatasi ya plastiki ndani kunasimamisha uvujaji, lakini mbao hazilowi tena, zinaanza kuoza kuanzia nje, na baada ya miaka unabaki na mfuko wa maji ulioshikwa na mbao zisizo na nguvu.

Mchanga na majivu nitapita haraka. Mchanga humwagwa mbele ya magurudumu yasiteleze, na kwenye asilimia 4 hauna mbadala. Lazima uwe mkavu. Zamani ulikaushwa kwa jiko la chuma lililozungukwa na mchanga mbichi. Unaokauka huteleza chini wenyewe, unachujwa, kisha unapandishwa kwa ndoo au hewa ya kompresa. Ukiwa na unyevu huziba bomba. Ukiwa vumbi unapeperuka kabla ya kufika relini. Shimo la majivu nalo lipo kwa sababu majivu ya moto hayawezi kuangushwa juu ya mataruma. Reli zake hukaa juu ya chuma au zege, na zege hiyo hupasuka magamba kwa kuunguzwa na majivu kisha kumwagiwa maji ya baridi, kila siku.

Tuje kwenye mafuta, sehemu ambayo itaigusa yadi kuliko chochote tangu 1950. Sababu ni cheche. Milima ile imekauka, na mwaka 2018 moto mkubwa wa msitu karibu na Durango uliilazimu reli ya Durango & Silverton kuanza kugeuza injini zake zichome mafuta. Chama wamefuata kwa injini namba 489, na nyingine baada yake. Moto wa mafuta hauachi makaa yenye uhai yanayoruka kutoka dohani. Kwenye injini yenyewe chanja na trei ya majivu huondolewa, sufuria ya chuma iliyotandikwa matofali ya moto huwekwa mahali pake, kichomeo hufungwa, na tangi la mafuta huingia kwenye nafasi ya makaa ya tenda.

Sasa fikiria yadi. Tani 8 za makaa mazuri zina joto linalolingana na tani 5 na kidogo za mafuta mazito, yaani lita kama 5,700 au galoni 1,500. Injini tatu zikijazwa siku moja ni galoni 4,500. Tangi la kuhifadhi lisiwe dogo kuliko mzigo mzima wa lori moja pamoja na akiba ya siku mbili, la sivyo lori litafika tangi likiwa halijapata nafasi, na utalipia safari ya nusu mzigo. Sheria ya shirikisho ya Marekani inataka mpango wa kuzuia mwagiko pale ambapo jumla ya hifadhi juu ya ardhi inazidi galoni 1,320. Ukuta wa kuzunguka uweze kumeza tangi kubwa kuliko yote likipasuka, na ubaki na nafasi ya mvua. Chama usihesabu mvua peke yake: theluji ikijaa ndani ya ukuta huo, nafasi imeshaliwa, na ikiyeyuka lazima maji yatolewe kwa mkono baada ya mtu kuhakikisha hayana mafuta juu. Bomba la kutolea maji lenye vali iliyosahauliwa wazi ndilo linaloufanya ukuta mzima usiwe na maana.

Mafuta mazito hayatiririki kwenye baridi. Tangi linahitaji koili ya mvuke au ya umeme, bomba liwe na kizuia baridi kote, na pampu iwekwe chini ya usawa wa tangi ili isivute kwa shida. Yapashwe yatiririke vizuri lakini yabaki chini kabisa ya joto lake la kuwaka lililoandikwa kwenye karatasi ya muuzaji. Atakayezidisha ili pampu iende haraka anatengeneza mvuke wa mafuta juu ya tangi. Maji hushuka chini ya mafuta na lazima yafunguliwe kila asubuhi. Yakifika kwenye kichomeo, moto huzimika, sekunde mbili baadaye mafuta hurudi juu ya matofali mekundu, na injini hupiga mshindo unaoweza kumrushia fayaman ndimi za moto usoni.

Kuna hitaji jingine ambalo hukumbukwa mwisho, na lingefaa kuwa la kwanza. Injini ya makaa iliyopoa huwashwa kwa kuni na matambara. Ya mafuta haiwashiki peke yake, maana kichomeo kinahitaji mvuke au hewa ya kupulizia mafuta yawe ukungu, na dohani inahitaji mvuto. Kwa hiyo yadi inahitaji boila ndogo ya kudumu au kompresa kubwa, na bomba lenye kiunganishi kila mahali injini inapowashwa. Mpangilio wake ni huu: hakikisha maji ya boila kwa koki zote, si kwa kioo peke yake; toa maji chini ya tangi la tenda; pasha mafuta; unganisha mvuke au hewa ya nje na fungua mvuto wa dohani; tia tambara linalowaka mbele ya kichomeo; fungua kipulizio kwanza, mafuta baadaye, kidogo kidogo. Moto ukizimika, funga mafuta, acha mvuto usafishe tanuri, uanze upya kwa tambara. Kuwasha kwa kutegemea joto la matofali ndiko kunakolipua.

Moto wa mafuta huwaka na kuzimika kwa mkono mmoja, na wepesi huo unaliumiza boila. Ukipandisha joto haraka mno, mirija ya moshi na kuta za tanuri hutanuka bila kulingana na zinaanza kuvuja. Ukizima ghafla mlima ukiisha, hewa baridi inapita juu ya chuma cha moto na matokeo ni yaleyale. Injini ya makaa ililala na moto uliofunikwa, ikichungwa na mlinzi. Ya mafuta huzimwa, madirisha ya hewa hufungwa, dohani hufunikwa, na inatakiwa ipoe polepole mahali pasipo upepo. Kwa hali ya hewa ya Chama, hii inamaanisha nafasi zaidi chini ya paa. Tangu majimbo yachukue reli, jengo jipya la karakana limeongezwa kando ya vyumba viwili vya zamani. Nafasi yake itathaminiwa zaidi kadiri injini za mafuta zinavyoongezeka.

Mchanga nao unapata kazi ya pili. Mafuta huacha masizi laini ndani ya mirija, na masizi huzuia joto lisifike kwenye maji. Injini ikiwa inavuta kwa nguvu, fayaman hutia mchanga mkavu kupitia tundu la mlango wa moto, mvuto unauburuta ndani ya mirija, na wingu jeusi linatoka dohani. Kwa hiyo nyumba ya mchanga inabaki, na inahitaji mchanga zaidi kuliko ilivyozoea. Shimo la majivu linaacha kupokea majivu ya injini hizo, lakini lisifukiwe: likikarabatiwa zege na kutolewa maji, ndilo shimo la kukagulia breki, springi na beringi.

Kwa mtu wa Voi hili si jambo geni. Reli ya Afrika Mashariki ilikuwa imehamia kwenye mafuta kwa njia ya Mombasa miongo mingi iliyopita; injini kubwa 34 za Garratt za aina ya 59, zilizoletwa na kiwanda cha Beyer Peacock mwaka 1955 na 1956, tani 252 kila moja, zilifika zikiwa za kuchoma mafuta. Namba 5918, Mount Gelai, ipo kwenye jumba la makumbusho ya reli Nairobi, na ukiitazama utaona hakuna mahali pa makaa. Nyumbani mafuta yalifuatwa na dizeli, na tangi la mafuta likaendelea kutumika kwa umbo jingine wakati mabomba ya maji yalikauka. Chama hakuna dizeli itakayofuata, hivyo maji yatabaki hitaji la kila siku sambamba na mafuta.

Njia ile imekuwa alama ya kihistoria ya kitaifa tangu 2012, kwa hiyo mradi wenye fedha au kibali cha shirikisho unapaswa kupimwa athari yake kwa majengo haya kabla ya kuchimba. Hilo linaamua tangi la mafuta likae wapi. Lisisimame kati ya mnara wa makaa na tangi la maji, ambapo watu hupiga picha na ambapo moto wake ungefikia mbao kavu za mnara. Likae upande wa kuingilia malori, chini ya mwelekeo wa upepo, mbali na mto Rio Chama. Na mahali popote litakapowekwa, uchimbwe udongo wa kupimwa kwanza. Yadi iliyotumia makaa tangu 1881 imejaa tabaka la majivu chini ya kokoto, na majivu hayo hunywea yakilemewa, tena upande mmoja kuliko mwingine. Msingi wa tangi na wa ukuta wake ushuke uyapite, ufike kwenye udongo wa asili. Ukikaa juu ya majivu, ukuta utapasuka pembeni majira ya kwanza ya kuganda na kuyeyuka, na ufa wenyewe utaonekana siku mafuta yatakapomwagika.